Bustani Iliyotazama Kusini

Kila asubuhi Genowefa aliweka vikombe viwili mezani. Kisha alikumbuka, akarudisha kimoja kabatini.

Mumewe, Zenon, alikuwa milimani, kwenye ujenzi wa bwawa la umeme. Alirudi nyumbani kila baada ya wiki mbili, Jumamosi jioni. Jumatatu alfajiri lori lilikuja kumchukua. Siku nyingine zote Genowefa alikaa peke yake katika nyumba ya mbao yenye paa la bati, kwenye bonde la mto Derwent, kisiwani Tasmania, kusini mwa Australia. Ilikuwa Agosti, mwaka 1951. Huko Agosti ni mwisho wa baridi.

Alifagia nyumba iliyokuwa safi. Alikwenda dukani, akanunua unga kwa kunyoosha kidole. Kiingereza chake kilikuwa kidogo. Mwenye duka alikuwa mtu mwema, lakini akiona hajaeleweka alipaza sauti, kana kwamba tatizo ni masikio. Genowefa alitabasamu, akalipa, akarudi nyumbani. Siku nyingi hayo ndiyo yaliyokuwa mazungumzo yake yote.

Kabla ya saa sita alichukua jembe, akaenda nyuma ya nyumba. Huko ndiko kulikokuwa na bustani yake ya matuta manne. Udongo ulikuwa mweusi, wenye samadi ya kutosha. Lakini ulikuwa baridi kama tumbo la samaki. Jalidi, ule umande unaoganda ukawa mweupe, ilikuwa bado imelala juu ya matuta, ingawa adhuhuri ilikuwa imekaribia. Kabichi alizopanda mwezi wa Machi zilikuwa na ukubwa wa ngumi ya mtoto. Vitunguu vilisimama vyembamba kama sindano.

"Pole," Genowefa aliziambia kabichi.

Alikuwa na maneno machache ya Kiswahili, na hilo alilipenda kuliko yote. Wakati wa vita, yeye na mama yake walifukuzwa kwao Polandi. Walizunguka nchi nyingi, wakafika kambi ya Tengeru, chini ya mlima Meru. Siku ya kwanza wenyeji waliwaona walivyochoka, wakawaambia, "Pole, mama." Sasa, kwa Kipolandi neno pole maana yake ni shamba. Mama yake akauliza shamba lenyewe liko wapi. Alipoeleweshwa alicheka mpaka akashika mbavu. Kisha alisema wale watu hawakukosea, kwa sababu mtu aliyepoteza kila kitu, pole anayoihitaji ni shamba.

Mama alizikwa huko huko Tengeru. Genowefa alikuja Tasmania kuolewa na Zenon, kijana wa kijiji chao, ambaye vita vilikuwa vimemtupa upande mwingine wa dunia. Mumewe alikuwa mpole. Lakini hakuwa nyumbani.

Katika maisha yake mapya alitaka kitu kimoja tu kimkubali, nacho ni udongo. Na katika mboga zote, alizitaka zaidi bitiruti.

Kwa Wapolandi, mkesha wa Krismasi ndio sikukuu kubwa ya mwaka. Familia hungoja nyota ya kwanza itokee angani, kisha hukaa mezani. Chakula huanza kwa supu nyekundu, chachu, ya bitiruti zilizochachushwa. Na mezani huwekwa sahani moja ya ziada, kwa ajili ya mgeni ambaye hakualikwa. Mwaka uliopita, mwaka wake wa kwanza hapo, bitiruti zote zilikufa zingali na majani mawili. Genowefa alinunua bitiruti za kopo. Watu wa huko huziweka ndani ya siki na sukari. Zenon aliinywa supu ile yote. Mwisho alisema, "Tamu." Wangeweza kucheka, lakini hakuna aliyecheka. Sahani ya ziada ilibaki nyeupe mpaka ilipooshwa ikiwa safi.

Mwezi wa Julai ilikuja barua. Weronika, rafiki yake wa Tengeru, alikuwa Melbourne, akifanya kazi katika kiwanda cha jamu. Aliandika kwamba chumbani kwake kuna kitanda kitupu. Aliandika pia kwamba kiwandani wako wanawake kumi na wawili wa Tengeru, na kwamba huimba wakimenya matunda.

Zenon aliporudi, Genowefa alimwonyesha barua ile.

"Nimejaribu mwaka mzima," alisema. "Udongo huu haunitaki. Bitiruti zikikataa tena, baada ya Krismasi naenda kwa Weronika."

Zenon alitazama mikono yake. "Na mimi?"

"Mkataba wako wa kazi una miaka miwili bado. Na kule juu wewe una wenzako. Mimi nina kabichi."

Zenon alimrudishia barua. Jumatatu lori lilikuja, akaondoka. Genowefa hakumjibu Weronika. Aliiweka barua nyuma ya saa ya mezani, mahali ambapo angeiona kila alipotazama saa.

*

Ng'ambo ya barabara aliishi mwanamke mzee aliyeitwa Bi. Merle. Mumewe alikuwa amefariki miaka mitatu iliyopita. Kila siku Bi. Merle alimpeleka mbuzi wake kwenye uwanja wa nyasi, na njia yake ilipita nyuma ya nyumba ya Genowefa. Kila alipopita alitazama yale matuta manne, akatikisa kichwa. Genowefa akimwona tu huingia ndani na kufunga mlango. Hakutaka kuchekwa usoni.

Siku moja mwishoni mwa Agosti Genowefa alisikia kelele nyuma ya nyumba. Alitoka mbio. Mbuzi wa Bi. Merle alikuwa amesimama katikati ya bustani, kipande cha kamba kikining'inia shingoni. Bi. Merle alikuja akichechemea, maana nyonga zilimsumbua.

"Samahani sana," alisema akihema. "Kamba imekatika. Amekula nini? Sema tu, nitalipa."

Wote wawili walimtazama mbuzi. Mbuzi alinusa kabichi moja. Alinusa ya pili. Kisha aliinua kichwa, akatazama pembeni.

"Huyu kiumbe anakula kamba," alisema Bi. Merle. "Mwaka jana alikula kofia ya marehemu mume wangu. Kwako kakosa hata cha kuiba."

Ulikuwa utani tu. Lakini Genowefa alikaa chini kwenye ukingo wa tuta, akafunika uso kwa mikono miwili, akalia.

Bi. Merle hakuwa mtu wa kubembeleza. Alimfunga mbuzi kwenye nguzo kwa mkanda wa aproni yake. Kisha polepole, akishika nyonga, naye akakaa chini pale pale kwenye udongo wa baridi. Alingoja. Kilio kilipopungua alisema, "Mwanangu, nikuulize kitu, na usiudhike. Kwa nini unalima ndani ya jokofu?"

Genowefa hakuelewa. Bi. Merle alipaza sauti kama mwenye duka. Kisha akajigundua, akaziba mdomo, akasema tena taratibu. Alionyesha nyumba. Alionyesha kivuli chake, kilichofunika matuta yote manne. Alionyesha jalidi.

"Jua halifiki hapa. Majira yote ya baridi, hata nusu saa halifiki."

"Wewe ulijua?" Genowefa aliuliza.

"Mtaa mzima unajua."

"Mbona hukusema?"

Bi. Merle aliona haya. "Nilidhani ni mambo ya dini yenu. Nikajiambia, Merle, dini ya watu usiiingilie."

"Mimi nilidhani unanicheka. Kila siku unatikisa kichwa."

"Nilikuwa nazihurumia kabichi."

Genowefa alijifuta uso kwa mkono wenye udongo. Akaanza kueleza, neno moja moja, kwa Kiingereza chake kidogo. Mama yake alikuwa mkulima hodari. Alimfundisha kanuni moja: bustani na itazame południe, na mboga ndefu zikae upande wa północ. Kwa Kipolandi południe ni kusini. Lakini neno hilo hilo ni adhuhuri, saa ambayo jua liko juu kabisa. Na północ ni kaskazini, lakini pia ni usiku wa manane. Kwao hakuna maneno mengine. Mtu akisema kusini, amesema adhuhuri. Kwa hiyo walipoipata nyumba hii Zenon alileta dira yake ya jeshini. Walisimama hapo, wakaitafuta kusini kwa makini, wakapima matuta upande huo huo wa nyumba.

"Kwa dira?" aliuliza Bi. Merle.

"Ya jeshi. Nzuri sana."

Bi. Merle alijitahidi asicheke, akashindwa. Naye Genowefa, machozi hayajakauka, alijikuta anacheka pia. Alishtuka kusikia sauti yake mwenyewe. Hakuwa amecheka tangu ahamie nyumba hiyo.

"Sikiliza," alisema Bi. Merle. "Kwenu jua la mchana liko kusini, sawa. Lakini huku tuko chini ya dunia. Jua letu linakaa kaskazini. Usiniamini mimi. Kesho nakuja na mpini wa fagio, uliulize jua lenyewe."

*

Siku ya pili anga lilikuwa wazi. Bi. Merle alifika saa tatu asubuhi akiwa na mpini wa fagio. Mbele ya nyumba ya Genowefa kulikuwa na uwanja wa nyasi, kutoka mlangoni mpaka barabarani. Bi. Merle alichomeka mpini katikati ya uwanja, ukasimama wima. Kivuli chake kilikuwa kirefu, kimelala upande wa magharibi. Genowefa aliweka jiwe kwenye ncha ya kivuli.

"Sasa tunangoja saa moja, tunaweka jiwe lingine," alisema Bi. Merle.

Saa moja ni ndefu kwa kusimama tu. Genowefa alimkaribisha ndani, akaweka vikombe viwili mezani. Safari hii hakurudisha kimoja.

Walitoka saa nne, wakaweka jiwe. Wakarudi ndani. Walitoka saa tano, wakaweka jiwe. Katikati ya mawe Bi. Merle alizungumza. Alieleza kwamba tangu mumewe afariki hajui kupika chakula cha mtu mmoja, kwa hiyo anapika cha watu wawili na kula kilekile siku mbili. Genowefa hakuelewa maneno yote. Hayo aliyaelewa.

Saa sita walitoka tena. Kivuli kilikuwa kifupi kuliko vivuli vyote vya siku hiyo. Na kilielekea moja kwa moja kwenye mlango wa nyumba.

"Kivuli kinalala wapi?" aliuliza Bi. Merle.

"Kusini. Kwenye mlango."

"Basi jua liko wapi?"

Genowefa aligeuka. Jua lilikuwa mbele yake, juu ya barabara, juu ya paa la Bi. Merle. Kaskazini. Upande wa usiku wa manane. Alisimama akiwa amefumba macho, akalisikia usoni.

Alikumbuka Tengeru. Kule jua lilipita karibu juu ya vichwa vyao. Mwezi wa Juni vivuli vya adhuhuri vililala kusini, mwezi wa Desemba vikalala kaskazini, na vyote vilikuwa vifupi. Mama aliweka matuta yake popote, yakakubali. Kwa hiyo kanuni ya kale ilibaki bila kuulizwa. Hakuna aliyegundua kwamba kanuni hiyo ilikuwa ya nchi moja tu.

Mchana wote waliendelea kuweka mawe. Kufikia saa kumi walikuwa na mstari wa mawe manane. Jua lilikuwa limefika uwanjani hapo tangu asubuhi, bila kukatizwa na nyumba wala mti.

"Hesabu," alisema Bi. Merle. "Bitiruti, karoti, vitunguu, kabichi, hizo zote zinataka saa sita za jua kwa siku, zikipata zaidi ni bora. Saladi na spinachi zinavumilia saa nne. Hapa una zaidi ya saa saba, na bado ni baridi. Kule nyuma una sifuri."

"Lakini hapa ni mbele ya nyumba," alisema Genowefa.

Bi. Merle alielewa. Mtaani hapo, mbele ya nyumba palikuwa mahali pa nyasi na maua. Mboga zilifichwa nyuma, kama nguo za ndani kwenye kamba. Nyumba ya Bi. Merle ilikuwa upande wa pili wa barabara, kwa hiyo uwanja wake wa nyuma ulikuwa kaskazini, na hakuwahi kulazimika kuchagua. Alitazama nyumba za majirani.

"Watasema," alikubali mwishoni. "Waache waseme. Bitiruti hazina masikio."

*

Genowefa alianza kulima siku iliyofuata. Aling'oa nyasi za mbele, akaziviringisha kama mikeka. Udongo mzuri wa nyuma aliuhamisha kwa toroli. Bi. Merle hakuweza kuinama, lakini alileta kiti, akakaa barabarani akiamuru. Wapita njia walipunguza mwendo. Mpeleka barua alisimamisha baiskeli, akauliza kama kabichi siku hizi zinakaa sebuleni. Bi. Merle alimjibu kwamba zinakaa pazuri kuliko yeye, maana haziulizi maswali.

Ardhi ilipokuwa tayari, Genowefa alichukua vijiti vya kupandia njegere, ambazo hupanda juu kuliko kimo cha mtu. Alikwenda moja kwa moja upande wa barabarani, upande wa kaskazini, akachomeka cha kwanza. Kanuni ya mama: ndefu zikae północ.

Bi. Merle hakumkataza. Alimwuliza tu, "Hicho kijiti kinafanana na nini?"

Genowefa alikitazama. Kilikuwa kimesimama wima kama mpini wa fagio. Kivuli chake kilikuwa kimelala kusini, juu ya mahali alipotaka kupanda bitiruti. Alikifikiria kikiwa na wenzake ishirini, wamejaa majani kutoka chini mpaka juu. Alikichomoa polepole. Akatembea mpaka mwisho wa bustani, karibu na nyumba, akakichomeka huko.

"Sasa kivuli kinaanguka ukutani," alisema.

"Umewahi kupigwa picha na watu wengi?" aliuliza Bi. Merle. "Mpiga picha anasemaje?"

"Wafupi mbele. Warefu nyuma."

"Haya. Huku jua ndilo mpiga picha, na limesimama barabarani."

Kwa hiyo bitiruti, karoti na vitunguu zilipata nafasi upande wa barabara. Kabichi zilifuata. Njegere zilisimama nyuma ya zote. Yakabaki matuta yenyewe. Genowefa aliyapima kwa mkono wake: upana ambao mtu akichuchumaa kwenye njia anafika katikati bila kukanyaga udongo uliolimwa. Alitaka kuyalaza kutoka mashariki hadi magharibi, sambamba na barabara, kwa sababu yangependeza. Bi. Merle alimwambia ayageuze, yatoke barabarani yaende nyumbani, kaskazini kwenda kusini, na mistari ya mbegu ifuate njia hiyo hiyo. Alieleza kwamba mistari ikilala sambamba na barabara, mstari wa mbele unaukinga wa nyuma. Ikielekea kaskazini na kusini, jua la asubuhi linaingia kati ya mistari kutoka mashariki, jua la alasiri linaingia kutoka magharibi, na la adhuhuri linapita katikati yake moja kwa moja. Kila mmea unapata pande zake mbili.

Siku ya kumi ya Septemba Genowefa alipanda bitiruti. Mstari hadi mstari aliacha shibiri moja na nusu. Alifunika mbegu kwa udongo wa unene wa kidole. Kisha akasimama pale na kopo la maji mikononi, bila kitu kingine cha kufanya. Barua ilikuwa bado nyuma ya saa.

Jumamosi hiyo Zenon alirudi. Alishuka kwenye lori, akaona nyasi hazipo, akaona mawe, akaona mpini wa fagio umesimama mbele ya nyumba yake. Genowefa alimweleza yote. Zenon hakumwamini. Aliingia ndani, akatoka na dira, akasimama kati ya matuta. Alitazama dira. Alitazama jua. Aligeuka mzunguko mzima, taratibu.

"Nilivuka jangwa na dira hii," alisema. "Nimekuja kupotea nyuma ya nyumba yangu."

Genowefa alicheka. Zenon alimtazama kama mtu aliyesikia wimbo aliodhani umesahaulika. Jumatatu lori lilikuja, akaondoka, na nyumba ikawa kimya kama zamani.

*

Bitiruti zilichomoza baada ya siku kumi na mbili. Mwaka wa kwanza zilitoka zikiwa ndefu, nyeupe, zimeinama kutafuta mwanga. Safari hii zilitoka fupi, zenye shina jekundu. Genowefa alizihesabu kila asubuhi, na hakumwambia mtu.

Mwezi wa Oktoba Bi. Merle alikuja akasema zimebanana, zipunguzwe, zibaki na nafasi ya upana wa kiganja. Genowefa alikataa. Alisema hawezi kuzing'oa zilizokubali kuota.

"Zikibanana zinatiliana kivuli," alisema Bi. Merle. "Utakuwa umefanya kazi yote hii ili zifichane jua zenyewe."

Genowefa alizipunguza. Kila aliyoing'oa aliiambia pole. Bi. Merle aliuliza neno hilo maana yake nini. Genowefa alimweleza maana zote mbili, ya Tengeru na ya Polandi. Bi. Merle alilijaribu mdomoni mara mbili tatu. Tangu siku hiyo, nyonga zilipomuuma, alisimama getini akangoja aambiwe.

Bado zilikuwepo siku ndefu. Bi. Merle alikuwa na mbuzi wake na usingizi wake wa mchana. Jioni Genowefa alikaa kwenye ngazi ya mlango, akawaza Weronika na wanawake kumi na wawili wanaoimba. Lakini sasa alikaa mbele ya nyumba. Watu walipita. Wengine walisimama kutazama njegere, wakauliza mbegu alizipata wapi. Mwenye duka alimpungia mkono. Mpeleka barua aliomba kabichi, naye akampa, akamwambia kwa Kiingereza kwamba imetoka sebuleni.

Wiki moja kabla ya Krismasi Genowefa alipiga magoti kwenye tuta la kwanza. Alishika majani, akavuta. Bitiruti ilitoka nzito, nyekundu, ukubwa wa ngumi ya Zenon. Alivuta ya pili. Alivuta ya tatu. Alizipanga kwenye aproni, akabaki amepiga magoti hapo muda mrefu, mpaka mtoto aliyepita akamwuliza kama amepoteza kitu.

Alizikata vipande, akazitia katika mtungi pamoja na maji, chumvi na kitunguu saumu. Aliziacha zichachuke.

*

Jioni ya mkesha Zenon na Genowefa waliandaa meza. Walitandika kitambaa cheupe. Waliweka sahani tatu, mbili zao na moja ya ziada. Kisha walitoka nje kungoja nyota. Huko Desemba ni kiangazi, na jua halikuwa na haraka ya kuzama.

Geti lililia. Bi. Merle alisimama pale, amevaa kofia ya kanisani, ameshika kitu kifuani.

"Sikai," alisema. "Nimeleta hii tu. Nimewaza labda zenu hazitatosha."

Lilikuwa kopo la bitiruti.

Zenon alilipokea kwa mikono miwili, akainama kama mtu aliyepewa nishani. Genowefa alimshika Bi. Merle mkono, akamwambia kuna sahani yake. Bi. Merle alisema hakualikwa. Genowefa alisema ndiyo maana sahani ni yake.

Walingoja watatu kwenye ngazi. Anga lilikuwa bado jeupe.

"Hiyo nyota yenu imekwama wapi?" aliuliza Bi. Merle. "Njaa itaniua na nimevaa kofia nzuri."

"Kwetu inatoka saa kumi alasiri," alisema Zenon. "Huku inafuata saa za mkataba, kama mimi."

Nyota ilipotoka waliingia ndani. Supu ilikuwa nyekundu kabisa, chachu, yenye harufu ya udongo. Zenon aliionja, akaweka kijiko chini. Alimtazama mkewe, wala hakusema tamu. Aliinua sahani yake, akaomba supu tena.

Baada ya Krismasi lori lilikuja, Zenon akaondoka. Asubuhi hiyo Genowefa aliweka vikombe viwili mezani. Alikumbuka, akataka kurudisha kimoja. Kisha akakiacha hapo hapo, kwa sababu Bi. Merle angepita na mbuzi.

Adhuhuri alitoa barua nyuma ya saa. Alibeba kiti, akakaa mbele ya mlango, uso wake kaskazini, bustani yote mbele yake. Aliandika:

"Mpenzi Weronika, asante kwa kitanda. Mpe mwingine. Bitiruti zimekubali. Ukija kunitembelea, njoo na koti. Bado nakaa peke yangu siku nyingi, sitakudanganya, na nyimbo zenu nazitamani. Lakini mama hakukosea. Alisema bustani itazame adhuhuri. Ni mimi niliyeitafuta adhuhuri kwenye dira badala ya kuinua macho. Huku adhuhuri iko kaskazini, Weronika, upande ule ule alikolala mama. Nikikaa mlangoni natazamana naye."